Tamko Kuhusu Utumwa, Uhuru na Watoto wa Emutai

Sisi wanachama wa chama cha walimu wa historia na watunza kumbukumbu wa kata ya Soitsambu, Tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, tumekutana, tumejadiliana na tumekubaliana kutoa tamko hili tunapoelekea tarehe 25 Machi. Hiyo ndiyo siku ambayo Umoja wa Mataifa, tangu mwaka 2007, umeitenga kuwakumbuka watu waliotekwa, wakauzwa na kuvushwa Bahari ya Atlantiki. Tunalitoa kwa viongozi wetu wa mila, kwa akina mama na akina baba, kwa walimu wenzetu wa Ngorongoro na Karatu, kwa Halmashauri yetu, na kwa vijana wetu walioko mijini.

Tumeulizwa, na waliouliza wana haki ya kujibiwa, utumwa wa Marekani unatuhusu nini sisi wafugaji wa Loliondo. Darasani jibu la watoto halibadiliki: utumwa ulikuwa wa pwani, ulipita Bagamoyo na Kilwa ukaenda Unguja, na huku kwetu misafara iliwaogopa morani. Ndani ya jibu hilo kuna kweli. Njia kuu ya misafara ilikuwa kusini ya hapa, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, na wafanyabiashara wa Pangani na Mombasa waliothubutu kukata nchi ya Wamaasai walipita kwa tahadhari na kwa kutoa hongo ya nguo, shanga na nyaya. Lakini jibu hilo linaacha nje tukio moja zito lililotokea katika wilaya hii hii, na ndilo lililotukalisha kikao.

Tarehe 18 Machi 1892, msafara wa Oscar Baumann, Mwaustria, uliteremka katika kreta ya Ngorongoro. Nchi ilikuwa imekwisha. Homa ya mapafu ilikuwa imeanza kuua ng'ombe katika miaka ya 1880, kisha sotoka ya 1890 na 1891 ikamaliza waliobaki, na ndui ikawafuata watu. Wazee wetu wanaziita nyakati zile Emutai, na wapo ambao hadi leo hulitaja jina hilo kwa sauti ya chini. Baumann aliandika aliyoyaona kambini kwake: wanawake waliobaki mifupa, watoto waliokonda wasifanane na binadamu, morani waliotambaa kwa mikono na magoti, watu wakila mizoga ya punda, ngozi, mifupa, hata pembe za ng'ombe. Kwa kukadiria kwake, theluthi mbili ya Wamaasai walikufa.

Akaandika na jambo jingine. Wazazi walimletea watoto wao ili awanunue kwa kipande cha nyama. Alipokataa, waliwaficha watoto karibu na kambi wakaondoka zao, ili msafara usiwe na la kufanya ila kuwachukua.

Tunaomba kila anayesoma tamko hili asimame kidogo hapo. Hapakuwa na bunduki wala mnyororo. Kulikuwa na mama aliyepima mambo mawili, mtoto kufia mikononi mwake au mtoto kuishi mikononi mwa mgeni asiyemjua, akachagua la pili. Hatuna haki ya kumhukumu mama huyo. Lakini tuna wajibu wa kujua kwamba alikuwepo, na kwamba yeye ni bibi wa bibi zetu.

Tena tujue msafara ule ulikuwa wa nani. Ulitumwa na Kamati ya Kijerumani ya Kupinga Utumwa, ambayo fedha zake zilichangwa kwa bahati nasibu iliyochezeshwa Ujerumani. Watu wa kawaida kule walinunua tiketi wakiamini wanawakomboa Waafrika. Kwa jina hilohilo la kupinga utumwa, serikali yao ilikuwa imeleta majeshi pwani mwaka 1889 kumpiga Abushiri wa Pangani, aliyeongoza upinzani dhidi yao. Na pamoja na hayo yote, Wajerumani hawakuwahi kuufuta utumwa katika koloni lao mpaka wanaondoka. Jambo hili walimu wengi hatulifundishi, kwa sababu vitabu vimetuzoesha kuuona mwisho wa utumwa kama zawadi iliyoshuka pamoja na bendera ya mkoloni.

Hapo ndipo historia ya Marekani inapotufaa, kwa kuwa inaonyesha wazi zaidi kuliko nyingine jinsi utumwa unavyotengenezwa kwa sheria, kipande kwa kipande, na watu waliokaa mezani. Mwaka 1619 kiasi cha watu ishirini na kidogo waliotekwa Angola walishushwa Virginia, koloni la Waingereza. Katika miaka ya mwanzo hali yao haikuwa imeandikwa popote. Wengine walitumika kwa muda, wakatoka. Mwafrika mwingine, Anthony Johnson, aliyefika mwaka 1621, alipata uhuru wake, akaoa, na kufikia 1651 alikuwa na ekari 250 za ardhi. Mlango ulikuwa wazi, japo kwa upenyo tu. Kisha ukafungwa. Mwaka 1662 baraza la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba ni bwana mwenye shamba. Mwaka 1667 likaongeza kwamba ubatizo haumwondoi mtu utumwani. Mwaka 1705 sheria hizo na nyinginezo zikakusanywa kuwa mfumo mmoja, na rangi ya ngozi ikawa ndiyo kizuizi.

Sheria ya 1662 ndiyo iliyotushika zaidi katika majadiliano yetu, kwa sababu ilifanya jambo ambalo kwa desturi za watu wengi ni mwiko: ilimruhusu baba kummiliki mwanawe na kumuuza. Linganisheni na pwani yetu. Huko, kwa sheria ya Kiislamu, mtoto ambaye suria alimzalia bwana wake na bwana akamkubali, alizaliwa huru na kurithi sawa na ndugu zake. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870, mama yake alikuwa suria Mhabeshi. Hatusemi haya ili kuupaka rangi nzuri utumwa wa pwani. Waliolima karafuu Unguja na Pemba, na waliokata miwa Pangani, hawakula wala hawakulala kwa sheria ya suria. Tunasema hivi kwa sababu tofauti hiyo inaonyesha mahali utumwa unapokaa. Unakaa katika uamuzi wa jamii kwamba mtoto huyu ni wetu na yule siye.

Na watoto wa Emutai walikutana na uamuzi huo. Wengi hawakuchukuliwa na Wazungu. Walipelekwa kwa Wakikuyu, kwa Wachaga, kwa Waarusha, kwa watu wenye mashamba na chakula, wakabadilishwa na nafaka au kuwekwa rehani kwa matumaini kwamba ng'ombe wakirudi watakombolewa. Ng'ombe walipoanza kuongezeka tena, wapo wazazi waliokwenda kuwadai watoto wao. Wengine walirudishiwa. Wengine walikataliwa, na kukatokea mapigano kwa ajili hiyo. Wengine walimkuta binti ana mume, ana watoto, na jina jingine. Ndiyo maana leo katika miteremko ya Kilimanjaro, Meru na nyanda za Wakikuyu kuna koo zinazojua kwamba zina damu ya Kimaasai, na ndani ya maboma yetu kuna familia zinazojua kwamba zilipungukiwa na mtu fulani lakini hazijui aliishia wapi.

Upande wa pili nao tunausema, kwa sababu tamko linalotaja majeraha yetu pekee lingekuwa uongo. Katika uvamizi wa kupora mifugo wa karne ile, morani wetu walichukua pia wanawake na watoto wa majirani. Wengi wa hao waliingizwa katika boma, wakapewa rika na ukoo, na wazao wao ni Wamaasai kamili. Lakini kuna nyumba ambazo, ugomvi ukitokea hata leo juu ya mipaka ya malisho au mahari, mtu hunyanyua kidole na kumkumbusha mwenzake bibi yake alitoka wapi. Tumewahi kulisikia hilo kwa masikio yetu vikaoni, mbele ya watoto. Tunatamka kwamba maneno hayo ni mabaki ya utumwa, na anayeyatamka anaendeleza kazi ya waliopitisha sheria ya 1662.

Tunarudi kwenye uhuru, kwa kuwa namna tunavyoufundisha ina kasoro. Kama vile utumwa ulivyojengwa kwa vipande Virginia, kwetu uliondolewa kwa vipande, tena kwa kusitasita. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Barghash aliutia saini kwa kushinikizwa na Waingereza, ulifunga soko la Mkunazini na kukataza watu kusafirishwa baharini. Waliokuwa watumwa tayari walibaki watumwa. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 ya Sultan Hamoud iliondoa nguvu ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, lakini mtumwa alitakiwa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba, aonyeshe ana mahali pa kukaa na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Fidia walilipwa mabwana. Aliyelimishwa maisha yake yote hakulipwa kitu. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Bara, Wajerumani waliweka utaratibu wa mtumwa kujinunua, wakaamuru kwamba watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Mama yao alibaki alivyo. Utumwa ulifutwa rasmi Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Aliyekuwa mtoto katika kreta siku ile Baumann alipoteremka, kufikia hapo alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka thelathini.

Kati ya 1891 na 1912 zaidi ya watu 50,000 walipata uhuru kwa njia rasmi katika koloni la Wajerumani. Idadi hiyo si ndogo. Ila wengi zaidi hawakungoja hati. Walitembea. Wakati Wajerumani walipoanza kulipa watu wa kujenga reli na kulima mkonge, watumwa waliwaacha mabwana wao wakaenda kutafuta ujira, na mabwana hawakuwa na uwezo wa kuwarudisha. Kabla ya hapo, watoro wa mashamba ya pwani walijijengea vijiji vyao: Makorora, bara ya Pangani, na Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama. Ni watu waliojilinda, wakalima, wakaoa. Tunataka majina ya vijiji hivyo yaandikwe ubaoni katika shule zetu pale pale yanapoandikwa majina ya Bwana Frere na Bwana Kirk, Waingereza wa mkataba wa 1873.

Marekani nako kulikuwa vivyo hivyo. Novemba 1775 gavana wa Kiingereza wa Virginia, Dunmore, alipotangaza uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga naye, maelfu ya watu walikimbia mashamba. Mmoja wao, Harry Washington, alitoroka shamba la George Washington, yule yule jemadari wa uhuru wa Marekani, akaishia Sierra Leone. Na huko Massachusetts, mwanamke mtumwa aliyejulikana kama Bett hakukimbia. Inasimuliwa kwamba alisikia katiba mpya ya jimbo lake ya mwaka 1780 ikisomwa, inasema watu wote wamezaliwa huru na sawa, akamwendea mwanasheria amuulize kama maneno hayo hayamhusu yeye. Mwaka 1781 alishinda kesi yake, akajiita Elizabeth Freeman. Hakujua kusoma. Tunawaambia wasichana wa Soitsambu hadithi hii bila kuiongezea chumvi, kwa kuwa ilivyo inatosha.

Wapo watakaosema Marekani bado ni mbali nasi. Basi waangalie nguo. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Unguja, na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, walitia saini mkataba wa biashara, na kufikia 1837 Marekani ilikuwa na konseli wake Unguja, Richard Waters wa mji wa Salem. Meli za Salem zilileta merikani, nguo nyeupe iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa nchi hiyo. Merikani ndiyo iliyokuwa fedha ya misafara. Ilinunua pembe za ndovu, ilinunua chakula njiani, ilinunua watu, na ilifika katika nchi ya Wamaasai kama hongo. Meli zikirudi zilibeba pembe ambazo Connecticut zilichongwa kuwa vibao vya piano. Mtumwa wa Georgia na mpagazi wa Tabora hawakuwahi kuonana, lakini kazi yao ilifungwa katika marobota yale yale.

Sasa tuseme ya leo, kwa kuwa hatukukutana ili kuwalilia wafu peke yao.

Katika kata yetu mabinti wadogo wanaondoka. Wanachukuliwa na mtu anayejulikana na familia, mara nyingi anaitwa shangazi hata kama si shangazi, wanapandishwa basi kwenda Arusha, Moshi, Dar es Salaam au kuvuka mpaka, kufanya kazi za ndani. Mzazi huambiwa mtoto atasomeshwa. Wengine hupata nyumba njema. Hilo hatulifichi na tunawashukuru waajiri wenye utu. Lakini wengine hufanya kazi kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane, mshahara wao unachukuliwa na aliyewapeleka, simu wananyimwa, na nyumbani hawajui hata mtaa wanakokaa. Ukame wa miaka ya karibuni umeongeza safari hizi. Ng'ombe wakifa, mtoto anatoka. Mzazi wa 1892 hakuwa na pa kwenda kushtaki wala kuuliza. Mzazi wa leo anapo, na hapo ndipo tunapomwambia kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno kwamba hana udhuru ule wa bibi yetu.

Katiba yetu, ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti. Ipo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Tunazitaja ili asiwepo wa kusema tunaleta mila za kigeni.

Vijana wetu wa kiume wanaolinda mageti ya mijini nao tunawataja. Shuka na sime vimekuwa alama ya kibiashara. Mlinzi wa Kimaasai anatafutwa kwa sifa yake, lakini sifa hiyo haimlipi malimbikizo ya miezi wala haimpi mkataba wa maandishi. Kijana aliyechukuliwa kitambulisho chake na mwajiri ili asiondoke hayuko huru, na anayemshikia kitambulisho anajua hivyo.

Kwa hiyo tunatamka na kuomba haya.

Kwa viongozi wa mila, tunaomba ruhusa na baraka yenu ya kurekodi masimulizi ya Emutai katika maboma yote ya kata, kwa Kimaasai kwanza, Kiswahili baadaye. Wanaoyajua kwa kusimuliwa na bibi zao ni wazee sana sasa. Tunaomba akina mama wazee wahojiwe na wanawake, maana mambo ya mtoto aliyetolewa hayasemwi mbele ya kila mtu. Na tunaomba kikao cha mila kitoe kauli, kwa mamlaka yake, kwamba kumtukana mtu kwa asili ya bibi yake ni kosa lenye faini ya ng'ombe, si utani.

Walimu wenzetu, somo la Historia ya Tanzania na Maadili limetupa nafasi tuliyoikosa muda mrefu, na linafundishwa kwa Kiswahili. Tusilitumie kukaririsha tarehe za mikataba tu. Mwanafunzi wa Ngorongoro aanze na kreta ya 1892, aende Pangani na Unguja, ndipo avuke hadi Virginia; akifika huko atakuwa na maswali yake mwenyewe. Tuwafundishe pia watoto wa Karatu na wa Loliondo pamoja kila inapowezekana, kwa sababu wazee wao walichukuliana watu na ng'ombe, na wao hawajawahi kukaa chumba kimoja kulizungumza jambo hilo.

Halmashauri na serikali za vijiji tunaziomba daftari. Kila mtoto anayeondoka kijijini kwenda kufanya kazi aandikwe: jina, umri, anayemchukua, anakopelekwa, namba ya simu ya mwajiri. Mtendaji wa kijiji asigonge mhuri wa barua ya utambulisho kwa safari ya mtoto wa umri wa kwenda shule. Hatuombi bajeti kwa jambo hili. Daftari moja na kalamu vinatosha kuanzia.

Wazazi wetu, hatuna la kuwaagiza ila hili moja: mtoto akiondoka, mfuatilieni kwa sauti yake mwenyewe, si kwa sauti ya aliyempeleka. Mkikataliwa kuongea naye, njooni kwetu au nendeni dawati la jinsia na watoto la polisi siku hiyo hiyo.

Sisi wenyewe tunajifunga kufanya kazi ya kurekodi bila malipo, kuhifadhi nakala moja shuleni na nyingine kwa familia iliyosimulia, na kutotangaza jina la ukoo wowote bila idhini ya wenyewe. Tutaanza na maboma yaliyo karibu na barabara kabla ya mvua za masika kukata njia, kisha tutaendelea baada ya mvua. Familia yoyote ya Kilimanjaro, Arumeru au ya Kikuyu yenye kumbukumbu ya mtoto aliyetoka upande huu wakati wa njaa ile inakaribishwa kuandika au kuja. Itapokelewa kama wageni wa boma, na itaketi na wazee.

Limetolewa Soitsambu, Ngorongoro, na kamati ya chama kwa niaba ya wanachama wote.